Kikohozi Ndani ya Mchezo

Usiponiamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe, kama ningesimuliwa na mtu mwingine, ningecheka. Lakini haya yamenipata mimi, hapa Msambweni, wakati wa masika, na wenzangu ninaojifunza nao maigizo wapo hai. Waulize.

Tunajifunzia katika ghala la zamani la korosho. Mwalimu wetu, Mwalimu Bakari, hatupi mchezo ulioandikwa. Tunautunga wenyewe, na kila mtu hutunga maneno ya yule anayemwigiza, akayaweka kichwani. Karatasi hakuna. Mimi niliyeishia darasa la nane nilifurahi niliposikia hivyo. Ila utaratibu huo una hatari yake: mtu akiondoka, anaondoka na maneno yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mwanasha. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua kabla mimi sijajiunga, kwa hiyo sikuwahi kumwona, wala picha yake. Alikuwa akimwigiza mama ambaye binti yake amekwenda kufanya kazi Uarabuni na simu zake zimekatika. Mama huyo hukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akakuna, na mwishoni akasema maneno ambayo, wenzangu waliniambia, yalimliza hata Mwalimu. Maneno gani? Hakuna aliyeyashika. Kila mmoja alikumbuka kwamba alilia tu.

Sehemu hiyo nikapewa mimi, kwa sababu wasichana wengine walikataa kukalia mbuzi ya marehemu. Nami, haki ya Mungu, naogopa macho ya watu. Nikisimama mbele yao sauti haitoki.

"Huyu tumpe acheze nguzo," alisema mwenzangu Hamisi. "Atashikilia paa, hana haja ya kusema."

"Zii, ako sawa," akadakia Mutua, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka bara. "Ni chaji tu imeisha."

Walicheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia. Kwani kulikuwa na jambo lililonikaa rohoni: mama yake Mwanasha alikuwa amekuja ghalani, akaketi na Mwalimu, akamwambia, "Mkienda kuucheza mchezo wa mwanangu Ukunda, mnichukue nami. Nina hamu na maneno yake." Mwalimu alishindwa kumwambia kwamba maneno hayapo. Badala yake alinijia mimi.

"Tunga mwisho, mwanangu. Ukikosekana mwisho, mchezo huu tutauacha, tupeleke mwingine." Akaniahidi kwamba mwanafunzi wake wa zamani, msichana wa Tiwi, angekuja siku moja kunisaidia.

Sasa nisikilize vizuri.

Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha. Nilitangulia ghalani ili nijaribu peke yangu. Nikakuta msichana amekaa juu ya mbuzi, amejitanda leso. Nilidhani ni yule wa Tiwi. Wewe ungedhani nini? Najua utaniuliza miguu yake ilikuwaje. Ilikuwa miguu ya mtu, si kwato za jini, yenye hina iliyofifia. Niliiona vizuri kwa sababu mimi mgeni simtazami usoni, natazama chini. Sikumpa mkono. Sikumuuliza jina. Nilisema salamu kwa sauti ndogo, akaitika.

"Funga mlango, mwenzangu. Nasikia baridi."

Sikuufunga. Niliona wenzangu watafika sasa hivi, na ghala likifungwa linakuwa giza. Hakurudia tena. Alijivutia leso tu, akaniambia, "Unaogopa watu. Basi usiwaambie watu. Iambie nazi."

Akanipisha. Nikakaa, nikashika kifuu. Akasimama nyuma yangu, akawa ananitajia maneno kidogo kidogo, nami nayafuata:

"Nimekukunia nazi, mwanangu." Hapo alikohoa, kikohozi kirefu kikavu, kama mtu anayekwangua sufuria. "Tui la kwanza nimekuwekea wewe." Akakohoa tena, mara hii akikizuia kwa leso. "Usipolinywa leo, kesho nitakuna nyingine."

Nilidhani kikohozi kile ni sehemu ya mchezo. Niliona ametunga mama mgonjwa, na nikashangaa ustadi wake. Kwa hiyo nilijifunza yote, maneno na kikohozi, kila kimoja mahali pake. Nilipokosea kukohoa hakunirekebisha.

Nilipogeuka nimshukuru, hakuwepo. Nilisema moyoni, labda amewahi gari la Tiwi.

Siku ya onyesho ukumbi wa Ukunda ulijaa. Niliiambia nazi. Sauti ilitoka, hata mimi sikuijua. Nilikohoa palipotakiwa. Katika mstari wa mbele mama yake Mwanasha alikuwa amejishika kifua.

Baadaye alikuja nyuma ya pazia. Nilimwamkia shikamoo. Alinishika mikono yote miwili.

"Nani amekufundisha kukohoa pale?"

"Ni mchezo, mama."

"Mwanangu, kikohozi hicho nimelala nacho chumba kimoja. Nakijua kama sauti yangu. Na yale maneno si ya mchezo. Ni yangu. Nilimwambia mimi, alipokuwa hawezi tena kula, nikimpa uji wa tui kwa kijiko. Tulikuwa wawili tu."

Mwalimu Bakari alikuwa karibu. Nikamwambia, basi muulizeni yule msichana wa Tiwi. "Yule hajafika hata siku moja," alisema. "Alinipigia simu kwamba wana harusi."

Nikamweleza mama yote. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliniuliza swali moja tu, kwa upole, kama anayeuliza habari za mtoto aliyeko bwenini.

"Alikuwa anasikia baridi?"

Ningeweza kusema hapana. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema hapana. Lakini macho yale hayadanganyiki. "Ndiyo, mama. Aliniomba nifunge mlango."

"Ukafunga?"

Nilitazama chini. Aliachia mikono yangu taratibu, akajitanda leso yake, akatoka.

Mchezo ule hatuuchezi tena. Kila Alhamisi alasiri mama huyo huja ghalani na kikombe cha tui la moto. Hukiweka kando ya mbuzi, akakunja leso nzito akaiweka juu ya mbuzi. Kisha huzunguka akifunga mlango na madirisha, moja moja, na kukaa gizani mpaka adhana ya magharibi. Hamisi na Mutua hawana utani tena na ghala lile. Mimi nikikuna nazi nyumbani, kikohozi kile hunitoka chenyewe, mama yangu akanikataza, na mimi si mgonjwa.

Sitakuambia uogope wafu. Yule hakunitendea baya lolote, alinipa sauti. Ninakuambia hili tu: ukimkuta mgeni mahali pako, mpe mkono, muulize jina, mtazame usoni. Na akikuambia anasikia baridi, tafadhali, inuka ukafunge mlango.