Hodi ya Tatu

Siku hizi nachoronga mashimo ya misingi ya maghorofa, huko Lidcombe na vitongoji vya jirani hapa Sydney. Ni kazi ya vumbi na kelele, na jioni narudi Toongabbie kwa treni nikinuka matope, watu wakikiacha kiti cha pembeni yangu kitupu. Marafiki wanaojua kazi niliyoikataa bado wanatikisa vichwa. Mmoja wao, Mkenya tunayesali naye Merrylands, ananiita "mzee wa barafu". Akiniona na mfuko wangu wa chakula huuliza kama leo nimefungiwa nyama ya dubu. Nacheka naye, kisha nakasirika peke yangu njiani. Kazi ile aliichukua mtu mwingine, na mwamba ulichorongwa vilevile. Hilo nalijua, sihitaji kukumbushwa.

Mimi ni mchorongaji tangu ujana. Kazi nilijifunzia kwetu, kanda ya ziwa, dhahabu ilipoleta makampuni. Sijawahi kuionea haya. Mgodi ndio uliosomesha wadogo zangu, na ndio ulionileta Australia, nikachoronga miaka mingi huko bara, mbali na Sydney, wiki mbili kazini na wiki moja nyumbani. Kisha mkataba ukaisha. Mke wangu, anayetunza wazee, akaanza kuchukua zamu za ziada, nami nikabaki nyumbani kumwagilia mchicha na kugombana na redio.

Ndipo bosi wangu wa zamani akanipigia. Kampuni moja ilikuwa imepata kibali cha kutafuta nikeli kaskazini kabisa, kule juu karibu na ncha ya dunia, na ilitaka watu wazoefu. Malipo yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nilimwambia nitampa jibu Jumatatu ya wiki inayofuata, lakini moyoni nilishafunga mizigo.

Nilitangaza habari hiyo mezani, nikitegemea vigelegele. Mke wangu alitabasamu kwa uchovu. Binti yetu, mwenye miaka kumi na sita, aliweka kijiko chini.

Huyu binti amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachokinong'ona tusisikike, ila akijibu ni Kiingereza tu. Kwa Kiingereza chake hicho akaniambia kwamba shuleni wamekuwa wakijadili uchimbaji wa kule. Akasema ule ukoka unaoota pale, tairi ikipita mara moja, mtu anaweza kuzeeka bila kuuona umerudi. Akasema kuna wanyama wanaopita pale kuzaa, na wawindaji wanaowafuata kila mwaka.

Nikamuuliza kama simu iliyo mkononi mwake imetengenezwa kwa ugali. Nikamwambia hao wanaoimba kutwa kuhusu magari ya umeme wanadhani betri inaota mtini. Nikeli lazima itoke mahali, na ikitoka lazima mtu atoboe shimo, na mtu huyo ndiye anayekununulia viatu. Alikubali. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Alisema mimi najua ninachokisema, na kwamba yeye hajui betri zitatoka wapi. Anachotaka ni kwamba pabaki mahali pamoja ambapo watu hawajaingia na mashine.

Tangu jioni hiyo hakupiga hodi mlangoni kwangu.

Lazima nieleze. Nyumbani kwetu kila mlango unapigiwa hodi, hata wa chumba cha kulala, hata kama uko wazi. Ni sheria yangu, na bibi yangu ndiye aliyeitia kichwani mwangu. Zamani, kampuni ya kwanza ilipofika kwetu, bibi alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Aliporudi alikuta vijiti vya wapimaji, vyenye rangi nyekundu, vimechomekwa kutoka kwenye mihogo mpaka karibu na mlango wa jiko. Baadaye alilipwa, na aliipokea fidia yake bila maneno. Mshahara wangu wa mgodini pia aliula kwa furaha. Lakini vile vijiti hakuvisamehe. "Wangesubiri nirudi," alikuwa akisema. "Mbona ningewapa na viti."

Kwa hiyo binti yangu nilimfundisha akiwa mdogo: unapiga hodi, unasubiri. Mara tatu. Kukiwa kimya, unarudi ulikotoka. Siku moja tulimtuma na sahani ya maandazi kwa mama mmoja wa Kirundi aliyekuwa jirani yetu, akarudi nayo ikiwa imejaa. Mama yake akamgombeza, maana mlango ulikuwa wazi na redio inalia. Mimi nilimpongeza mbele ya wageni.

Sasa mtoto huyohuyo alikuwa akipita mlangoni kwangu kama anapita duka lililofungwa. Iliniuma. Nilijidai haijaniuma, nikaongeza sauti ya redio.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukinywa chai, nikamweleza yule rafiki yangu Mkenya. Alinicheka waziwazi.

"Buda, enda bana! Hao dubu ndio watakulipia mortgage? Na huko hata hakuna majirani wa kukusumbua."

Mkono mtupu haulambwi, nikajisemea, na maneno yake nikayabeba mpaka nyumbani yakiwa bado ya moto.

Mke wangu alikuwa jikoni anachoma chapati, binti anasukuma. Nilianza hata kabla ya kuvua viatu. Nikasema Jumatatu ni kesho na jibu langu ni ndiyo, na mtu asininunie ndani ya nyumba yangu.

"Kule hakuna mtu!" nikamwambia binti. "Hakuna kijiji, hakuna shamba, hakuna mlango. Unamtetea nani?"

Akafuta unga mikononi. Nilisubiri Kiingereza chake. Akaniambia, kwa Kiswahili cha kujikwaakwaa:

"Baba, ukipiga hodi mara tatu, na hakuna mtu anajibu, unafanya nini?"

Mke wangu aliacha kugeuza chapati. Nilisikia harufu ya kuungua.

"Usinichezee akili," nikasema, nikaenda chumbani na kuurudisha mlango.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema kwamba akikua atautumia ulezi wako kukufunga mdomo. Nilijilaza na viatu vyangu, nikitafuta jibu. Nikamkumbuka bibi na vijiti vyake. Nikakumbuka kazini, huko bara, jinsi mikutano yetu ilivyoanza kwa kuwataja wenyeji wa asili wa ardhi ile, tumevua kofia, huku mashine imeshawashwa nje. Hata hivyo nilipata jibu, na lilikuwa zuri. Nyumba ina mwenyewe, ningemwambia. Barafu haina mwenyewe, na pasipo na mwenyewe hapapigwi hodi. Nilikuwa nalirudiarudia nisilisahau, ndipo nikasikia nyayo.

"Hodi."

Wiki nzima sikuwa nimeisikia sauti ile mlangoni kwangu, na sasa ilikuwa pale, hatua mbili tu kutoka kitandani. Lakini kiburi kilishanikamata ulimi. Nikajiambia, na aingie mwenyewe kama ananitaka. Mlango sikuufunga kwa ufunguo, na yeye anajua.

"Hodi, Baba."

Nilikaza macho kwenye dari. Kitanda kililia chini yangu, na nina hakika alikisikia.

"Hodi."

Ile ya tatu aliisema polepole. Akasubiri muda mrefu. Kisha nikasikia kitu kinawekwa sakafuni kwa uangalifu, na nyayo zinaondoka.

Nikaruka. Sijui kwa nini niliogopa vile, mtu mzima, kwa ajili ya nyayo za mtoto ndani ya nyumba yangu. Nilifungua mlango nikakuta chapati kwenye sahani, zimefunikwa kwa sahani nyingine. Yeye alishafika mwisho wa korido.

"Nilikuwemo!" nikasema, kwa ukali ambao sikuukusudia. "Mlango haukufungwa. Kwa nini hukuingia?"

Aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nilijua uko ndani, Baba," akasema. "Lakini hukusema karibu."