Yadi Sita za Majirani Waseme

Kwenye mteremko wetu wa Nyawera, hapa Bukavu, siku hizi mtu akitaka kusema fulani ni mwizi, anasema: "Ule naye ni Yunus." Nasikia, nanyamaza, naendelea kupanga vifungo vyangu. Sasa kunyamaza kumenichosha, na ndiyo maana naandika.

Yunus alishona nguo miaka ishirini na sita, mlango wa pili kutoka kwangu. Babu yake alitoka upande wa pwani na mizigo ya nguo hadi Uvira, baba yake akapanda Bukavu, na yeye akarithi kofia, dini na cherehani moja nyeusi ya kukanyaga. Ni mtu mrefu, mpole hadi anaudhi. Mteja akija kumgombeza kwa kuchelewa (na alichelewa kweli, nionyesheni fundi asiyechelewa) anamjibu, "Kesho, maman, inshallah," na mteja anaondoka na hasira yake nusu imeisha.

Jambo moja tu hakulifanyia mchezo: kitambaa cha mtu. Mafundi wa mji huu wana imani yao kwamba masalio ni ya fundi. Ukimpelekea yadi tatu, kipande kinaishia kuwa sketi ya binti yake, nawe ukikutana na mtoto barabarani unabaki kumkodolea macho. Yunus alirudisha. Hata kipande cha ukubwa wa kiganja alikikunja, akakifunga kwa uzi, akakupa pamoja na nguo yako. Wenzake walimwita mjinga. Mimi pia nilimwita hivyo, kwa mzaha, lakini nilimwita.

Mimi nauza uzi, vifungo, zipu na elastiki. Duka langu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Fundi akila, nami nakula. Fundi akilala njaa, nami nafuata.

Mwaka ule wa corona, kabla mambo hayajaharibika, Maman Bibiane alimletea Yunus kikwembe, yaani kitenge. Huyu mama ni mwalimu huku Ibanda, mtu wa maneno machache. Kitambaa kilikuwa cha kijani, kimejaa ndege kanga wa manjano, wawili wawili, mdomo kwa mdomo kama wanasengenyana. Wamama wa soko walikiita Majirani Waseme. Mama yake mzazi alikipokea siku ya mahari ya Bibiane, akakiweka sandukuni huko Nyantende miaka kumi na saba bila kukikata, na Krismasi ilipopita akafariki. Kitambaa kile hakitengenezwi tena.

"Papa Yunus," alisema, "mwaka ukitimia tutaondoa matanga. Ile siku nataka nivae robe ya kikwembe ya maman. Ni kitu moya tu aliniachia. Usiharakishe, shona muzuri."

"Maman, hii gauni nitaishona sawa ya mama yangu mwenyewe," Yunus akamjibu, akakiweka juu kabisa ya kabati.

Mwezi wa tatu shule zikafungwa. Maman Bibiane akashuka Luberizi kwa dada yake kusubiri wiki mbili. Magari ya abiria yakasimamishwa, na wiki mbili zikawa miezi. Huku kwetu mpaka wa Ruzizi ukafungwa, makanisa yakafungwa, harusi zikakatazwa. Pasaka ikapita bila gauni, Idi ikapita bila kanzu. Nani atashona nguo ya kukaa nayo nyumbani? Wauzaji wa vikwembe wakateremsha milango yao ya bati. Sisi wadogo tulifungua mlango nusu, jicho moja kwa mteja, jicho moja kwa polisi, na mteja mwenyewe haji. Watoto wanne wa Yunus wakaanza kula mara moja kwa siku. Mkewe, Malaika, alikuwa anapita mbele ya duka langu na sufuria tupu, ananisalimia kwa sauti ya furaha. Sauti ile ilinichoma kuliko kama angelia.

Kisha ikatoka amri: asiyevaa barakoa, faini. Mji mzima ukatafuta hizo cache-nez kwa siku moja. Nilikuwa na katoni mbili za elastiki ambazo hakuna aliyeziuliza tangu mwezi wa tatu. Yunus alikuwa na mikono na cherehani. Kitambaa ndicho hakikuwepo. Alikata mapazia yake, akakata shuka, akakata kanzu ya baba yake, na kwa siku kumi tulikula wote. Vikaisha.

Asubuhi moja nilisimama mlangoni pake. Haya ndiyo maneno niliyoyasema, sipunguzi hata moja:

"Papa Yunus, ile kikwembe inalala bure apo juu. Mwenyewe iko Luberizi, njia imefungwa. Kata."

"Hapana, dada Sifa. Ile ni ya marehemu."

"Marehemu hakuli. Watoto yako banakula. Kata kidogo ku pembeni. Mupaka ikifunguka, tutamutafutia ingine."

"Ile haiko ingine."

"Weye! Kila kikwembe iko na ndugu yake. Kata, mi nikuletee elastiki."

Nilisema "tutamutafutia", kana kwamba nami nitatafuta. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria katoni zangu. Huruma kwa wale watoto ilikuwepo, siikatai, lakini haikuwa mbele.

Alitazama juu ya kabati. Mchana nikasikia mkasi. Alianza na ukingo, upana wa vidole vinne, na barakoa zile zikaisha kabla ya saa kumi, kwa sababu zilikuwa nzuri, nani asiyetaka kanga usoni? Siku ya pili akakata tena ukingo. Siku ya tatu hakukuwa na ukingo wa kuuita ukingo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nilimwambia, na nikacheka. Yunus hakucheka. Alikuwa anashona akiwa ameupa mlango mgongo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hapo ndipo adhabu yetu ilipoanza. Fundi wa kawaida akiiba, wizi wake anaukalia nyumbani. Wizi wetu ulipanda na kushuka Nyawera kutwa nzima. Kanga wa manjano kwenye uso wa muuza makaa, kanga kwenye uso wa mchungaji, kanga kwenye kidevu cha polisi aliyekuja kutufungia mlango. Yunus akaacha kupita barabara kubwa kwenda msikitini, akawa anazunguka nyuma ya nyumba. Mchuuzi mmoja akachukua dazeni mbili, akaondoka nazo juu ya lori la vyakula. Tulifurahi kuona zinakwenda mbali, wajinga sisi. Hatukumuuliza lori linaelekea wapi.

Mwezi wa nane njia zikafunguliwa. Maman Bibiane alikuja moja kwa moja kutoka kwenye gari, na begi begani, na vumbi la bonde la Ruzizi kwenye viatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu. Usoni alikuwa amevaa kanga wawili, mdomo kwa mdomo.

"Papa Yunus, ona!" alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti kubwa namna ile. "Nilipata hii ku soko ya Luberizi. Kikwembe ya maman! Nilizania haiko tena mu dunia. Nililia apo mu soko, bantu banasema niko mugonjwa. Sasa robe na cache-nez bitaendana. Umeisha kushona?"

Yunus aliinuka. Angeweza kusema "Kesho, maman, inshallah". Angeweza kusema panya, moto, wezi. Sisi wa biashara uongo hautukosi. Alisema:

"Maman, toa hiyo cache-nez."

"Juu ya nini?"

"Toa, nikuonyeshe."

Akaipokea, akaigeuza ndani nje, akaweka kidole kwenye mshono. "Uyu ni mushono yangu. Robe haiko. Ni mimi nilikata."

Maman Bibiane alitazama mshono, akamtazama yeye. Nilimwona akielewa polepole, na ningetaka ardhi inimeze.

"Yote?"

"Yote, maman. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la wateja, barakoa kwenye magoti, akawa anainyoosha kwa kiganja. Halafu akauliza, taratibu, kama mwalimu anavyouliza darasani akijua mtoto hakuwa peke yake:

"Papa Yunus, weye nakujua. Nani alikuambia ukate?"

Nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Yunus hakugeuza hata shingo upande wangu. "Hakuna mutu," alisema. "Ni mimi peke yangu."

Nami nilikuwa na kinywa. Watu wote wa mteremko huu watakuambia Sifa ana kinywa. Siku ile niliinama, nikaanza kuokota zipu ambazo hazikuwa zimeanguka.

Habari ilifika kila nyumba kabla ya jioni. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, kila mtu akivipima kwa mkono mbele yake. Miezi miwili baadaye Yunus alibeba cherehani yake na familia, akarudi Uvira kwa ndugu zake. Aliniaga vizuri. Aliniuliza kama elastiki ziliisha, nikasema ziliisha.

Wakati wa kuondoa matanga ulipokaribia, Maman Bibiane alinunua kikwembe kingine, akampelekea fundi wa Kadutu, akaja kwangu kutafuta uzi na vifungo. Alivichagua kimoja kimoja. Mwishowe akanishika mkono.

"Maman Sifa, ku hii avenue ni weye tu ulibakia muaminifu."

Nikamwongezea vifungo viwili bure, nikamwambia asante.