Funda la Mwisho la Maziwa

Baba yangu alifanya kazi miaka yake yote kwenye kinu cha kusagia mawe ya shaba. Tulikua Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, zote sura moja. Kila siku ya kazi kampuni iliwapa watu wa kinu maziwa, kwa sababu ya vumbi. Maziwa, walisema, hukamata vumbi kifuani na kulishusha tumboni. Sijui nani alianzisha habari hiyo, ila pale kwetu hakuna aliyeitilia shaka. Baba alileta yake nyumbani kwenye chupa, akayamimina katika kikombe cha bati, akanywa akiwa bado na buti miguuni, na chini akabakiza funda moja. Funda hilo lilikuwa la mtoto ambaye zamu yake imefika. Tulipigana sana kwa ajili yake. Niliwahi kumng'ata dada yangu begani, na sijutii.

Kampuni ikadorora, maziwa yakakoma, baba akazeeka na kikohozi chake. Wazee wa Kapata karibu wote wanacho. Ukipita asubuhi unawasikia nyumba kwa nyumba, na hakuna anayegeuza shingo.

Ule ugonjwa mpya wa mapafu ulipofika Kolwezi, nilikuwa muuzaji katika duka la dawa mjini. Udaktari sikuusomea, nilijua kusoma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, basi. Watu waliniita docteur na sikuwasahihisha, nani anakataa cheo cha bure? Mwanzoni walitaka kwinini. Kisha klorokwini, hadi ikaisha mji mzima. Kisha vitamini, kisha dawa ya minyoo, eti binamu ya mtu fulani alipona nayo. Mama mmoja kutoka mtaa wa Kasulo alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili.

"Docteur, sasa dawa yenyewe ni gani? Sema tu, mi nitatafuta."

Nikamwambia haijapatikana, mabingwa bado wanaitafuta huko kwao. Aliniangalia kana kwamba nimeificha chini ya meza. Basi nikamuuzia vitamini. Naona haya hadi leo.

Jumapili moja nilimkuta baba amelala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo kabisa. Mwili ulikuwa wa moto, pumzi fupi, na chakula alisema hakina ladha. Dalili hizo nilizisoma kila siku kwenye bango lililobandikwa mlangoni mwa duka letu. Nikamwambia twende hospitali akapimwe.

"Kufanya nini kule? Ile magonjwa ni ya batu ba avion," akasema, yaani wanaopanda ndege. "Mi niko na vumbi yangu tu. Mi najua kifua yangu."

"Tata, vumbi haileti homa."

"Utanifundisha vumbi, we?"

Mama alikuwa ameketi pembeni akimpepea kwa kipande cha kitenge. Hakutaka ugomvi, hakuwahi kuutaka. "Umuletee tu maziwa," akaniambia.

Nikaenda. Kusema kweli nilikwenda kwa furaha, maana kwa wiki nyingi nilikuwa nimewapa watu vitu nisivyoviamini, na sasa kulikuwa na kitu ambacho angalau baba mwenyewe alikiamini. Nilirudi na kopo la maziwa ya unga. Mama akayakoroga kwa maji ya moto katika kikombe kilekile cha bati. Baba akanywa polepole, akapumzika, akanywa tena. Kisha akaninyooshea kikombe huku akijaribu kucheka.

"Kunywa, ni zamu yako. Leo hauna dada wa kumuluma."

Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Nililitazama lile funda. Nilijua. Bango lilikuwa limenifundisha kuhusu mate na vikombe, nami nilikuwa nawakaripia wateja kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini pale kwetu, kumwambia baba kwamba masazo yake ni sumu ni kumtukana akiwa kitandani. Nikasema nimeshiba.

Ndivyo nilivyosema: nimeshiba. Mama akakichukua kikombe mkononi mwa baba.

"Maziwa habatupake," akasema, akalinywa lile funda.

Niliyaona maziwa yakishuka kooni mwake na sikumzuia. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki nzima baba alikunywa, mama akamalizia, na mimi nikanawa mikono yangu kwa sabuni kama daktari wa kweli. Sote tulimtazama baba. Hakuna aliyemtazama mama.

Baba alipona. Siku aliyoweza kusimama alivaa buti, akatoka hadi uani na kumtangazia jirani ng'ambo ya ua kwamba ni maziwa yaliyomponya. Siku chache baadaye watu wa Kapata walikuja dukani kuniuliza kama tunauza maziwa.

Wakati huo mama alikuwa ameanza kukohoa. Yeye hakuwahi kukanyaga kinuni, kwa hiyo hatukuwa na vumbi la kusingizia. Hospitali wagonjwa walikuwa wengi kuliko chupa za oksijeni. Muuguzi, mwanamke aliyechoka kabisa, aliniambia ukweli: dawa hakuna, kuna hewa na kusubiri. Mama alinivuta mkono.

"Kule ku duka yenu, dawa haiyapatikana?"

"Iko karibu, mama."

Alifariki asubuhi. Walimzika watu waliovaa nguo za plastiki, nasi tukasimama mbali, barabarani, malori ya mawe yakitupitia na vumbi lake. Matanga hayakuruhusiwa. Nilimlilia nikiwa nimeziba mdomo kwa kitambaa, na nilijichukia kwa kukumbuka kukivaa.

Baba yuko hai. Kila Jumapili namletea kopo lake, kwa sababu akilikosa anadhani nataka afe. Anakunywa katika kikombe kilekile, na akifika chini anasimama kidogo, anafikiri, kisha ananiambia jambo analoniambia kila mara, kwa huruma, kama anayenifariji.

"Mama yenu alikunywaka ile funda yangu ya mwisho tu. Kama nilimupatiaka kikombe muzima, angepona."

Halafu ananisogezea kikombe. Nakunywa lile funda, nakiosha kikombe, na sijamwambia.