Safari ya Naivasha Kuirudisha Bima

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilifika Nakuru bila viatu, nikabeba magunia stesheni, nikauza mboga kwa baiskeli mpaka nikanunua pikapu yangu mwenyewe, na shule niliishia darasa la pili. Leo wenye vyeti wananiamkia. Kwa hiyo niliposikia bima ya pikapu imefutwa, nilicheka. Nikamwambia Mama Petero, "Naenda Naivasha kuonana na huyo Pinto. Jioni bima itakuwa mfukoni."

Pinto ni Mgoa, wakala wa bima. Siku ya kuandikisha gari aliniuliza dereva ni nani, akanionya kwamba kijana hulipiwa bei kali. Nikasema dereva ni mimi. Kusema kweli, usukani sijaushika maisha yangu. Anayeendesha ni mwanangu Petero, miaka ishirini. Lakini niliona mwenye ng'ombe ndiye mchungaji, hata akimtuma mtoto malishoni.

Kilichoniponza ni firigisi. Pinto alipita kwangu Jumapili moja, nikamchinjia jogoo. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba. Siku hiyo nikaitoa kwenye sahani yangu nikampa Petero, mgeni akiona.

"Mbona unampa yeye?" Pinto akauliza.

"Huyu jana ametoa kabichi Molo, kwenye matope ambayo malori ya wazungu yamelala! Huyu ndiye dereva, bwana!"

Pinto alitafuna polepole, akanawa mikono, akaaga. Wiki haikuisha, bima ikafa. Gari bila bima haliingii barabarani, na hoteli tuliyoipelekea mboga ilisema itatungoja mpaka Jumamosi, basi.

Alfajiri, stesheni ya Nakuru. Nilikata tiketi mbili za daraja la tatu, kwenda na kurudi, yangu na ya Petero. Petero alibeba jogoo kwenye kikapu. Kwetu huendi kwa mtu uliyekosana naye mikono mitupu.

Elmenteita. Jua lilikuwa limetoka, na ukingo wa ziwa ulikuwa wa waridi kwa makundi ya ndege heroe. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu akamtania Petero, "Kijana, huyo jogoo amekata tiketi?" Behewa zima likacheka. Petero naye akacheka, kisha akaniinamia.

"Baba, tumwambie ukweli. Aandike mimi. Hiyo bei ya juu nitailipa kwa mshahara wangu, kidogo kidogo."

"Wewe shika jogoo," nikamwambia.

Gilgil askari walipanda, wakaangalia vipande vyetu vya utambulisho, wakashuka.

Naivasha. Ofisi ya Pinto ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, vumbi jeupe mpaka kwenye kofia yake.

"Mzee Wafula! Jogoo tena?"

"Jogoo tena, bwana. Tumalize maneno."

"Neno ni moja tu. Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Na huyu?"

Nilimtazama Petero. Alikuwa ananitazama pia, kikapu mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Ningesema neno moja tu. Lakini ningeonekanaje, mimi Wafula, mwenye gari asiyejua kuwasha gari?

"Huyu huiba ufunguo nikilala," nikasema. "Siku ile nilimsifu kwa sababu ya pombe."

Pinto akamgeukia. "Ni kweli, kijana?"

Petero alimtazama jogoo. "Kama mzee amesema, ni hivyo."

Pinto akaandika bima mpya: dereva ni mimi peke yangu, Petero asiguse gari. Nikalipa pale pale, nikatoka kifua mbele.

Kurudi. Treni iliposimama Gilgil, Petero akainuka.

"Mzee, mimi nashukia hapa."

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuniita mzee. Mimi ni baba.

"Hapa kuna nini?"

"Kuna shamba linatafuta dereva. Nitawaambia ninajua kuendesha. Labda wataamini."

Nilidhani ni hasira za kijana, kwamba atarukia behewa la nyuma. Treni iliondoka, nikamwona anatembea kuelekea barabarani, hageuki.

Nakuru, jioni. Mama Petero alitazama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza kuhusu bima.

Sasa pikapu imekaa nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani yake. Bima yake ni halali kabisa. Inamruhusu mtu mmoja tu kuiendesha, na mtu huyo hajui. Hoteli ilipata mwingine. Nilichojifunza ni kwamba firigisi ni rahisi kumpa mtoto. Jina lake ndilo lililonishinda kumpa.

Safari ile ilinigharimu shilingi mia tatu kumi na tano. Mia tatu na tano zilikuwa za bima. Tano zilikuwa za tiketi yangu. Tano za mwisho zilikuwa za tiketi ya Petero, na nusu yake ya kurudi bado ninayo.