Shanga za Kiunoni za Binti Yangu

Shanga za kioo hazilingani unene. Ukizikuta dukani kwa Mhindi zimefungwa mashada zinang'aa, utadhani zote ni ndugu wa tumbo moja. Uongo mtupu. Zimwage kwenye ungo uzipitishie kidole: hii nene, hii nyembamba, hii imekatika upande. Bibi yangu, aliyenifundisha kutunga nilipokuwa msichana kwetu Mbeya, hakuniruhusu kugusa sindano kabla sijazichambua zote. Alinikalisha mlangoni penye mwanga, ungo magotini, ndani yake kitambaa kibichi ili zisirukeruke, nikachambua mpaka shingo ikauma. Nene huku, za kati hapa, nyembamba kule. Ukizichanganya, alisema, mkufu utapinda, na mvaaji ataonekana kama ana kibiongo. Nilikuwa mkaidi kwa mambo mengi, lakini kwa hilo nilimsikiliza, na ndilo lililokuja kuniponza.

Niliolewa Iringa, miaka ile ya hamsini, kwa watu wa mjini, Waislamu, ambao babu zao walipanda huku na biashara kutoka pwani. Mume wangu alikuwa utingo kwenye lori lililobeba mpunga wa Rujewa kupeleka Mbeya. Mimi nilikaa na mama mkwe katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, nikitunga shanga. Nilikuwa fundi, sitajifanya mnyenyekevu. Mwanamke alikuja na kanga yake akasema nataka mkufu wa kwenda na hii, nikaitandaza mkekani, nikazitazama rangi zake, nikapanga shanga juu ya kitambaa kibichi, nikapangua, nikapanga tena, mpaka yeye mwenyewe akachoka kusubiri. Uzi wa pamba niliukunja mara mbili nikaupaka nta ya nyuki, maana kioo kina makali, kinakata uzi mkavu. Vikuku vyangu, vipuli vyangu, shanga zangu za maharusi, hakuna aliyezirudisha.

Nikajifungua binti. Alipotimiza siku arobaini nilimtungia shanga za kiunoni: nyeupe tatu, nyekundu moja, buluu moja, kisha unaanza tena, na mafungu yote yalikuwa ishirini. Mama mkwe ndiye aliyemfunga, maana ndiyo kazi ya bibi. Na kila Ijumaa, mtoto akishaogeshwa, aliingiza vidole viwili kati ya uzi na tumbo. Vikiingia kwa shida, mtoto amenenepa, tunaongeza fungu. Kisha aliyahesabu mafungu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayevuta tasbihi. Mara mbili tuliongeza, yakawa ishirini na mawili, na siku hizo mbili mama mkwe alitembea soko zima akijisifu.

Uzi ukilegea, hilo ni jambo jingine. Mtoto anayenyonya akianza kukonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa. Kama baba yupo, wote wawili wanasemwa kwamba wameshindwa kungoja mtoto aache ziwa. Kama baba hayupo, basi mama ana mwanamume mwingine, na hapo hakuna wa kumtetea. Jirani yetu wa ng'ambo ya pili lilimpata hilo. Niliona kwa macho yangu vyombo vyake vikitupwa nje, sufuria, mto, kapu la nguo, na wifi zake wamesimama mlangoni mikono kiunoni. Mtoto alikuwa mgongoni mwake, kichwa kikubwa, shingo kama kijiti. Hakuna aliyempa hata maji ya kunywa, nami nikiwemo. Nilifunga dirisha.

Basi masika yakaja, barabara ya Mbeya ikageuka tope, malori yakakwama huko Usangu, na mume wangu asionekane mwezi, miezi miwili. Mimi nikaugua homa. Wiki nzima nilitetemeka chini ya blanketi mbili, na nilipoinuka maziwa yalikuwa yamekwenda. Mtoto alivuta, akalia, akavuta tena. Nikampikia uji mwepesi wa mahindi. Nilisema yatarudi, maziwa ya watu wengine hurudi.

Alhamisi moja nilipokuwa nikimvisha gauni, nikaingiza vidole vyangu mwenyewe. Viliingia viwili, kikaingia na cha tatu, na bado nafasi ilikuwepo. Sikuwa na mwanamume, naapa mpaka leo, sikuwa na mtu yeyote. Lakini nani angeniamini? Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama mkwe alikuwa sokoni, nami nikafunga mlango, nikaukata uzi.

Kupunguza fungu nisingeweza, angehesabu. Nikauchukua ungo. Nikatoa shanga nene za mafungu manne, nikaweka nyembamba mahali pake: rangi zile zile, idadi ile ile, mafungu ishirini na mawili. Nilitunga haraka, na nilitunga vizuri, hilo ndilo linalonitia kichaa nikilikumbuka. Nilipanga nyembamba kwa kuzitawanya, moja hapa moja pale, ili unene usibadilike ghafla chini ya kidole. Nikamfunga mtoto. Uzi ukamkaa sawasawa. Ijumaa mama mkwe akaingiza vidole viwili, akahesabu, akamfunika mtoto kanga, akaenda zake jikoni.

Alhamisi iliyofuata nikafanya tena. Na iliyofuata. Nikawa najiambia wiki hii atanenepa, nitazirudisha nene moja moja, hakuna atakayejua. Nilimpa uji, nilimpa maji ya mchele, nilinunua maziwa ya ng'ombe kwa mwanamke mmoja Mhehe wa kutoka njia ya Kilolo, mtoto akayatapika. Alikuwa halii tena kwa nguvu. Alinitazama tu wakati nikitunga, macho makubwa, ametulia, na mimi mjinga nikaona afadhali ametulia. Nyembamba zangu zilipokwisha nikaanza kwenda dukani kwa Mhindi kuomba zile ndogo kabisa. Akaniuliza nani ana shingo nyembamba hivyo. Nikamwambia ni za mwanasesere.

Nilimfikiria yule jirani mchana kutwa. Nilimchukia, kana kwamba yeye ndiye aliyeniletea. Hospitali ya serikali ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka mlangoni petu. Lakini kumbeba mtoto hadharani, kupita sokoni na kile kichwa kikiwa nje ya kanga, ilikuwa sawa na kupiga mbiu. Nikakaa ndani na sindano yangu.

Asubuhi moja nikakuta shanga nene nilizozitoa zimejaa kikombe cha kahawa. Sijui nilitaka nini, mkono tu ulizoea kazi: nikazipanga mkekani kwa mstari, kisha pembeni yake nikapanga nyembamba kama zile zilizokuwa zimemzunguka mwanangu kiunoni wakati huo. Idadi moja. Mstari wa pili ulikomea mbali sana na wa kwanza. Nafasi iliyobaki ilimeza kiganja changu chote. Nikaona ni kiasi gani cha mwanangu nilichokuwa nimekificha. Nikamnyanyua mtoto, alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka, nikaenda naye jikoni.

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: homa, maziwa, uzi, shanga. Nikamwambia, "Mama, nifukuze ukitaka, lakini twende hospitali." Hakunitazama. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja, la pili, kisha akauweka ungo chini.

"Nilijua," alisema. "Mimi si ndiye ninayembeba mgongoni? Tangu Ijumaa ya pili nilijua. Nilidhani una mtu wako wa nje. Nikajisemea, nikikuuliza utaniambia, na ukiniambia itabidi nimwambie mumeo, naye atakufukuza. Sikutaka ufukuzwe, mwanangu."

Nilitamani anipige. Wanawake wawili watu wazima, nyumba moja, mtoto kati yetu anaisha, na kila Ijumaa tulikuwa tukidanganyana kwa vidole viwili. Tulitoka bila hata kuvaa viatu. Hatukumfunika kichwa.

Hospitali mwuguzi alimtazama, akauliza alianza lini kukonda. Mama mkwe akasema siku chache. Nikasema, "Wiki tisa." Mwuguzi akauliza nina hakika gani. Nilikuwa na hakika, maana nilitunga mara tisa. Daktari aliniambia ni njaa, njaa tu, na ile homa imeongezea. Maziwa yalikwisha, mtoto akakosa chakula. Wangeweza kumsaidia kwa wepesi kama angeletwa mwanzoni. Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali, ningepata wa kugombana naye. Walimpa maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, nami nikamhesabia matone. Siku ya tatu, jua limeshatoka, akaacha kumeza.

Tukamrudisha nyumbani. Waoshaji walikuja wawili, wanawake wa mtaani, wazee wanaoheshimika, na mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsema yule jirani wa ng'ambo. Nilikaa pembeni ya chumba nimeegemea ukuta. Nilikuwa tayari. Nilitaka aseme, yaishe. Alilifunua tumbo, akaona shanga, akaingiza vidole viwili kati ya uzi na ngozi, kama bibi anavyofanya. Viliingia kwa shida.

"Huyu ni homa tu imemchukua," akamwambia mwenzake. "Angekuwa amebemendwa uzi huu ungekuwa umelegea zamani. Tazama ulivyomkaa."

Mwenzake akatazama, akakubali. Mama mkwe alikuwa ameshika birika la maji, akawamiminia. Wakaomba mkasi, nikawapa ule wangu wa shanga, wakaukata uzi, wakaendelea kumwosha.

Maneno yale yalitangulia jeneza. Kabla ya maziko mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba mtoto wetu hakubemendwa, kwamba mkamwana wa nyumba ile ni mwanamke aliyejitunza. Wifi zangu walinikumbatia mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alifika siku nne baadaye, tope mpaka magotini, alikuwa ameshaambiwa kila kitu njiani. Alikaa karibu yangu mkekani, akanishika mkono, akasema anamshukuru Mungu kwa mke aliyemtunzia mwanawe vizuri.

Nikamwambia asante.