Maji Matamu ya Musyimi

Wayua alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini na sita, na wala si kwa kupenda. Figo za mumewe, Musyimi, zilikuwa zimegoma, na mashine ya kumsafishia damu ilikuwa mjini Wote, safari ya kila Jumanne na Ijumaa kutoka kwao Kathonzweni. Mwezi wa Machi Musyimi alikosa siku moja tu. Kufikia Jumapili uso ulikuwa umefura na pumzi zinamkatika. Tangu hapo Wayua, mshonaji wa majoho ya kwaya, huliendesha lile stesheni wagoni lao kuukuu jicho moja likiwa barabarani, jingine kwenye mshale wa joto.

Jumatano, akitoka kupeleka majoho, mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu. Rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, ilikuwa kavu, ilhali chini ya gari hakukuwa na hata tone. Pale sokoni kila mwanamume akageuka fundi: ni gasket hiyo imeungua, mama, maji yanaingia ndani, injini lazima ifunguliwe, na hiyo ni kazi ya wiki nzima. Wiki! Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Kyule, aliyekuwa fundi kweli, hakupenda kubahatisha. Alichomoa kijiti cha oili akakitazama: oili nyeusi, haijachanganyika na maji ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Akajaza rejeta, akawasha injini, akachungulia kama maji yatatoa mapovu. Hayakutoa.

"Gasket iko sawa," akasema.

Wayua hakupata nafuu yoyote. Kama si gasket, basi ni nini? Hata Musyimi watu walimwita mchovu kwa miaka miwili, kumbe anaisha ndani kwa ndani.

Kyule akaiacha injini ipate moto. Mshale ukaanza kupanda, na Wayua akajizuia kupiga kelele izimwe. Fundi akapenyeza tochi ya simu nyuma ya injini, akaona mchirizi mweupe chini ya kimojawapo cha vifuniko vya bati vinavyoziba matundu ubavuni mwake. Kilikuwa kimetoboka. Maji yalipenya pale injini ikichemka tu, yakakauka kabla ya kufika chini. Akaukwangua ule weupe kwa ukucha, akaonja.

"Mwaitu," akasema, akimwita kama anavyomwita mama yake mzazi, "hii gari unaiwekeanga maji gani?"

"Ya kisima."

"Ile ya chumvi?"

"Sasa nimwagie gari ile tamu ya tangi la mvua? Hiyo ni ya mume wangu, Baba Mbinya!"

Kyule akamwonyesha ule weupe kwenye ukucha, na Wayua akaelewa. Kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akililisha chumvi gari linalombeba mumewe. Aibu ilimchoma hadi machoni.

Alhamisi Kyule akabadilisha kifuniko kile. "Hizo vifuniko zingine tatu pia zimeliwa, uongeze maji kila asubuhi," akasema. "Kesho zitakufikisha. Ya wiki ijayo siwezi kuapa. Na chumvi sasa basi, Mwaitu."

Asubuhi ya Ijumaa tangi la mvua lilitoa jagi moja la maji, likaanza kukoroma, limekwisha. Wayua alisimama mbele ya boneti na jagi lake, mkono ukakataa kuinuka. Daktari alimpimia Musyimi vikombe viwili tu vya maji kwa siku, na Wayua aliapa kwamba hivyo viwili vitakuwa vya maji matamu, si ya chumvi. Musyimi akatoka akiburura miguu iliyofura, midomo imemkauka, akalichukua lile jagi.

"Baba Mbinya, hiyo ni yako!"

"Mimi nimepimiwa. Hii gari haijapimiwa."

Akamimina taratibu, asimwage hata tone, macho yamenasa kwenye maji.

"Kunywa," akaliambia gari. "Kunywa ushibe, unifikishe."

Wayua alikuwa ameshika mlango, anaomba kimoyomoyo mshale ule ukae chini. Alipoinua macho aliliona koo la mumewe. Lilikuwa linameza, tena na tena, mpaka jagi lilipoisha.