Mlango wa Mama Mkwe

Ilikuwa mwaka wa kura, ule wa elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nimekosea. Mwaka wa kura ndio Kibii alinunua lile gari. Mambo yenyewe yalitokea mwaka uliofuata, ule ambao redio ilihubiri El Nino kutoka asubuhi hadi jioni, mpaka hata kuku wa Rongai wakawa wanatembea wakiangalia juu.

Kibii ana kisiagi pale Rongai, nyuma ya maghala ya mahindi. Ukimkuta mchana utadhani amezeeka ghafla, kumbe ni unga umekaa kwenye nyusi. Ni mtu wa maneno machache, kwa sababu mtu anayeshinda karibu na injini ya kusaga huzoea kunyamaza. Akiongea hakuna anayemsikia. Mke wake ni Cheruto. Na mama yake Cheruto ni Gogo Chepngeno, "Gogo" kwao likiwa na maana ya nyanya, mama mzee anayeishi juu mlimani, kule barabara inakoishia na njia ya ng'ombe kuanza.

Sasa, kwao mama mkwe haendi kwa mkwe wake hivi hivi, kama mtu anayepitia kuomba chumvi. Huchukuliwa. Na anayemchukua ni mkwe mwenyewe, si kijana wa bodaboda, wala si jirani mwenye gari kubwa. Miaka ile Gogo alipokuwa na nguvu, Kibii alikuwa akiishi katika nyumba ya mabati iliyoegemea upande mmoja, akaona haya kumwita. Akajenga pole pole, mawe ya leo na mawe ya mwaka ujao. Nyumba ilipokwisha, magoti ya Gogo nayo yalikuwa yamekwisha. Kwa hivyo Cheruto alikuwa amezaa, amelea, ameoza binti yao Emmy, na mama yake hajawahi kunywa hata kikombe kimoja cha chai jikoni mwake. Hakulalamika. Lakini kila akinunua sahani mpya alikuwa akisema, "Hii ni ya siku ya Mama," na kuiweka juu kabatini. Kabati likajaa.

Njia ya kwa Gogo ina makorongo ambayo pikapu huyaangalia na kurudi. Inataka kigari chepesi, kifupi, kinachovuta kwa miguu yote minne. Kibii alikipata kimoja kwenye shamba la zamani la mzungu huko Solai, Suzuki ya milango miwili iliyosimama chini ya mti miaka mingi hadi nyasi zikaota ndani. Kutu ilikuwa imekula sakafu yote. Ukikaa kwenye kiti unaona mchwa wakipita kazini kwao. Kililetwa nyumbani kikivutwa na trekta, na jirani yake Gachanja, muuza mbolea na dawa za mifugo, akatoka dukani kushuhudia.

"Mzee Kibii, umenunua gari ama umenunua banda la kuku?"

"Yote mawili," Kibii akajibu. "Kuku amekuja nayo."

Na haukuwa mzaha. Chini ya usukani kulikuwa na kuku amelalia mayai, hakushuka njia yote kutoka Solai. Kibii akamwacha. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kufufua lile gari ilikuwa kungoja vifaranga waanguliwe, na nyundo haikulia mpaka mama yao alipowatoa mwenyewe, mmoja mmoja, kupitia tundu la sakafu.

Baada ya hapo, kila jioni akifunga kisiagi, Kibii alikuwa pale kando ya tangi la maji na brashi yake ya waya. Alikwaruza kutu mpaka nyusi zake, ambazo mchana zilikuwa nyeupe, jioni zikawa nyekundu. Bolti zilizokataa kufunguka alizilowesha kwa dizeli, akazibembeleza kama mtoto aliyenuna. Injini haikumpa shida sana. Mtu aliyeishi na injini ya kisiagi hupata masikio. Na siku ya kuinua bodi kutoka kwa chasisi, winchi hakuwa nayo, akangoja Jumapili. Wanaume wakitoka ibadani na tai zao, akawasimamisha langoni. Gachanja akashika uongozi bila kuombwa: "Haya, kwa jina la Bwana, beba! Mbona mmoja hapa ameshika tu, habebi?" Bodi ikapanda juu kama jeneza la mtu mwembamba, wakaishusha kwenye magogo, na Cheruto akawapa chai.

Sakafu na bati zilitengenezwa na Truphosa. Huyu ni mama wa Bondeni, mjini Nakuru, fundi wa yale masanduku ya bati ambayo watoto hubeba wakienda shule za bweni. Kibii alimfuata huko kwa sababu alikuwa na hoja.

"Sanduku lako," alimwambia, "hutupwa juu ya basi, hukaliwa, hunyeshewa, na sukari ndani hailowi. Nataka gari la hivyo."

"Mzee wa unga," Truphosa akasema, "sijawahi kutengeneza sanduku lenye injini. Lakini leta."

Alikuja siku nyingi, na nyundo yake ya mti na mkasi wake wa bati. Alikunja kingo zikashikana bila kuchomelewa, akamwaga ndoo ya maji ndani kuona kama kuna tone litakalotoka. Halikutoka. Kwa nyuma, mlango ulikuwa umeliwa na kutu pamoja na bawaba zake, hapakuwa na kitu cha kuokoa. Truphosa akapaziba kabisa kwa bati moja, laini, akaipigilia riveti zilizonyooka kama mishono ya shati la kanisani, kisha akapaka rangi ya buluu na kuchora ua jekundu katikati, vile anavyochora kwenye masanduku. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za gari lile. Watu walikuja kuliangalia gari kutoka nyuma.

Siku lilipowaka, lilikohoa, likatema moshi, likakohoa tena, halafu likashika na kunguruma. Gachanja akaacha mteja na mzani. Cheruto akatoka jikoni mikono ikiwa na unga, akapiga vigelegele, akalizunguka mara moja akicheza. Akalizunguka mara ya pili pole pole. Halafu akasimama.

"Baba Emmy."

"Naam."

"Mama ataingilia wapi?"

Kibii akafungua mlango wa dereva, akiwa bado anacheka. "Si hapa? Unakunja hiki kiti cha mbele, anapita, anaenda kukaa huko..." Kiti alichokuwa amekishika kilikuwa chake mwenyewe.

Kwao, mkwe na mama mkwe hawashikani mkono. Hawakai benchi moja. Mkwe akiingia mahali alipo mama huyo, hutafuta pembe ya mbali na kuangalia chini. Sasa hapa palikuwa na kigari ambacho hata kuku alikiona kidogo.

"Apitie upande ule mwingine basi," Kibii akajaribu.

"Halafu akae nyuma yako akikupumulia shingoni? Mama yangu? Hiyo gari ni kama blanketi moja. Hataingia, Baba Emmy. Atakufa bila kuingia."

Gachanja alikuwa ameinama akishika magoti kwa kicheko. "Mwaka mzima, mzee! Mwaka mzima! Kwani ulikuwa unatengenezea mama mkwe wa nani? Wangu?"

Kibii akazima injini. Akakaa juu ya gogo. Upande wa milimani wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, na kila mtu alijua kwamba mvua ikianza kwa nguvu makorongo yale yatafungua midomo, na njia ya kwa Gogo haitapitika tena mpaka Mungu apende. Na umri wa Gogo haukuwa wa kuambiwa angoje. Cheruto alirudi jikoni. Hakugombana, na hilo ndilo lililomuuma Kibii. Angalau angetupa sufuria.

Akatoa simu.

"Truphosa, ile bati ya nyuma."

"Imevuja?"

"Haijavuja."

"Imebanduka?"

"Haijabanduka. Nataka uje uikate."

"Mzee wa unga, wewe hunywi. Ama umeanza?"

Lakini alipoelezwa alikuja kesho yake asubuhi na mapema, akimtukana njia yote, akafanya kazi akiimba. Aliikata ile bati pande tatu, akaiachia bawaba juu, ikawa inafunguka kwenda juu kama dirisha la kibanda cha kuuza chai, na kijiti cha kuiegemeza. Ndani wakaweka kiti kinachoangalia nyuma, gari linakotoka, na juu yake ngozi ya kondoo. Wakatengeneza na kidaraja cha kupandia. Na kati ya kiti hicho na viti vya mbele, Truphosa akasimamisha ukuta wa bati kutoka sakafuni mpaka juu.

"Sasa una gari mbili," akamwambia akifuta jasho. "Ya mbele ni ya mkwe, ya nyuma ni ya mama."

"Na mimi nitaona nyuma namna gani?"

"Unataka kuona nini nyuma? Nyuma kuna mama mkwe."

Waliondoka siku moja mvua ilipopumzika, Cheruto akiwa mbele kando ya bwana yake na kitambaa kipya kichwani. Kwenye korongo la kwanza Kibii akavuta ile gia fupi, miguu yote minne ikakamata, na kigari kikapanda kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Cheruto alisahau kuogopa. "Tena!" akasema walipofika juu, kana kwamba korongo linaweza kurudiwa.

Gogo Chepngeno alikuwa ameketi mlangoni kwake, ameoga, amevaa sweta ya kijani. Kibii akasimama mbali, karibu na ua wa boma, kofia mkononi, akasalimia huku akiangalia viatu vyake. Gogo akaitikia akiangalia ng'ombe. Kisha akainuka na fimbo yake, akaenda mpaka nyuma ya gari, akaona lile ua jekundu. Akaongea na binti yake, maana na mkwe mtu huongea kwa kupitia.

"Mwambie bwana yako hii ni sanduku. Na sanduku nitaingia siku yangu ikifika. Leo bado nina kazi."

Kule uani Kibii akavaa kofia, akaivua tena.

Cheruto akainua ile bati, akaiegemeza kwa kijiti. Jua likaingia ndani. Gogo akachungulia: kiti, ngozi, kidaraja. Akanyoosha fimbo akaugonga ukuta wa bati.

"Yeye anakaa wapi?"

"Upande ule mwingine, Mama."

"Na huku anaona?"

"Hata ukitoa ulimi haoni."

Gogo akautoa ulimi, kujaribu. Kibii alikuwa bado anaangalia viatu. Mama mzee akaanza kucheka, kicheko cha ndani kinachotikisa mabega. "Nani alifikiria hii?"

"Ni yeye."

"Wewe ni mwongo tangu utotoni," akasema, akampa fimbo, akapanda.

Walikubaliana hivi, kupitia kwa Cheruto: Gogo akigonga bati mara moja, gari lisimame, akigonga mara mbili, liendelee. Wakaanza kuteremka. Watu waliokutana na gari walimwona Kibii na mke wake tu, wakapunga mkono. Halafu likishapita, ndipo wakasalimiwa kwa majina na Gogo Chepngeno, aliyeketi nyuma dirishani kama mwenye duka, akiwauliza habari za ndama na za wajukuu huku akienda zake. Wengine walikimbia nyuma ya gari ili wamalize kujibu. Aligonga mara moja kwa ajili ya mama mmoja rafiki yake, wakaongea, akagonga mara mbili, wakaenda.

Walipofika kwenye kona ile mlima unapofunguka na mgongo wa gari kugeukia bonde lote, mashamba ya Rongai yakiwa yamelala kijani huko chini, bati ikaanza kugongwa. Si mara moja, si mara mbili. Iligongwa mfululizo, kwa vidole, kwa kiganja, ikienda na kurudi kama ngoma. Kibii akasimamisha gari.

"Anasema nini?"

Cheruto akashuka, akaenda nyuma. Kibii akasikia sauti za chini, halafu kicheko cha wanawake wawili. Cheruto akarudi akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

"Endesha."

"Lakini anataka nini?"

"Endesha, Baba Emmy."

Nyumbani, Kibii aliegesha kigari, upande wake wa nyuma ukitazama mlango wa jikoni, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye kisiagi chake kando ya nyumba ili mama aingie bila kumpita. Hakuwasha injini. Alisimama pale gizani kidogo, akasikia fimbo ikigonga sakafu ya simiti, kiti kikivutwa, na sahani zikiteremshwa kutoka juu kabatini, moja baada ya nyingine, nyingi kuliko chakula kilichokuwapo. Mvua ilianza jioni hiyo hiyo, ikakata njia, na Gogo akakaa kwa binti yake mpaka baada ya mwaka mpya, akinenepa.

Kibii ameuliza tangu siku ile. Alimuuliza Cheruto, akaongezewa chai. Alimuuliza Truphosa, akaambiwa aulize bati. Gogo mwenyewe hawezi kumuuliza, yule ni mama mkwe. Kugonga mara moja ni simama, mara mbili ni twende. Sasa kugonga vile, mara nyingi vile, kulikuwa kusema nini?